Saa inanitisha kuhusu mapigo ya moyo wangu, nifanye nini?

Shikamoo Mama Muuguzi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 43, nina mume na watoto watatu. Nimesoma majibu yako siku nyingi, leo nimeona na mimi niandike.

Mwezi wa tano mdogo wangu alinizawadia saa janja, zile zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo. Nilikuwa nimenenepa, magauni ya sherehe hayapiti mabegani, nikaamua kutembea. Kila alfajiri natoka Kilakala, napandisha kuelekea milimani, narudi kujiandaa na shule. Mwanzo nilifurahi sana. Sasa saa yenyewe imekuwa ugonjwa.

Nikipanda kilima inasoma 148. Nikiwa ofisini nasahihisha madaftari inasoma 84, mara 91. Usiku mmoja niliamka kwenda msalani, nikatazama, nikakuta imeandika kwamba nikiwa usingizini mapigo yalishuka mpaka 54. Sikulala tena mpaka adhana ya alfajiri, nilidhani moyo ulikuwa unataka kusimama. Nimesoma kwamba mapigo ya kawaida ni 60 mpaka 100. Basi mimi usiku niko chini, asubuhi niko juu. Siku hizi naitazama saa kila baada ya dakika chache, hata katikati ya kipindi, na nikiitazama ndiyo kwanza inapanda.

Wiki mbili zilizopita nikitoka sokoni, jua la saa saba mchana, nilipita duka la dawa kupima presha. Mashine ikatoa 126, chini yake 78, na chini kabisa 98. Kijana aliyekuwepo akaniambia, "Mama, hii ya chini imepanda, 98 hiyo ni presha." Nilirudi nyumbani miguu haina nguvu. Jirani yangu anayetumia dawa za moyo akanikatia vidonge vyake kumi vya propranolol, akasema vinatuliza kabisa. Bado sijameza, viko kabatini. Nilisita kwa sababu nikiwa msichana nilikuwa na pumu, na mpaka leo vumbi la chaki likizidi kifua hubana.

Mengine ya kukueleza: chai ya rangi naipenda, vikombe vinne au vitano kwa siku. Na hedhi yangu tangu mwaka jana imekuwa nzito, inakwenda siku saba hadi nane.

Hii saa nimewavalisha wote nyumbani. Mume wangu 62. Mwanangu wa miaka sita 104. Mama yangu mzazi, ana miaka 68 na tunaishi naye, tulipomvalisha tulicheka: 71, mara 118, mara 64, mara 97, na yeye amekaa tu kwenye mkeka anachambua mchele. Tukasema ngozi ya uzee imeishinda saa. Hata mashine ya zahanati ilimgomea mwezi uliopita, ikawa inaonyesha kialama cha moyo kinachowaka na kuzima, wakasema ni betri. Mama anatumia dawa ya presha, amlodipine, mwaka wa tisa sasa. Siku hizi anachoka upesi. Akienda bombani anapumzika njiani mara mbili, anasema ni umri.

Naomba unisaidie. Je, nina ugonjwa wa moyo? Nimeze vile vidonge? Na niamini namba ipi?

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu Mwalimu.

Vidonge kwanza, mengine baadaye. Usimeze hata kimoja. Propranolol hupunguza kasi ya moyo, jirani yako hajakudanganya kwa hilo, lakini dawa hiyo hiyo inaweza kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu mpaka pumzi ikakatika. Kusita kwako kumekusaidia kuliko unavyojua. Mrudishie leo jioni, tena mwambie kwa upole kwamba na yeye asigawe dozi yake: mtu aliyezoea dawa hiyo kila siku akiikosa ghafla, moyo wake unaweza kurudi kwa kishindo. Dawa ya moyo haiazimwi kama chumvi.

La pili nalisema mapema ili lisipotee katikati ya maneno mengi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mtu aliyenifanya niisome mara tatu si wewe. Ni mama yako. Nitamfikia. Lakini kwanza nataka nikufundishe kushika mkono na kuhesabu, kwa sababu kazi hiyo utaifanya kwake kabla wiki haijaisha.

Tuanze na ile 98 ya duka la dawa. Mashine ya presha hutoa namba tatu. Ya juu ni nguvu ya damu inaposukumwa na moyo, ya katikati ni nguvu inayobaki kwenye mishipa moyo unapolegea, na hizo mbili kwa pamoja ndizo presha. Yako ilikuwa 126 kwa 78. Hiyo si presha ya kumnyima mtu usingizi. Ya tatu, ya chini kabisa, ni mapigo tu: moyo umepiga mara ngapi kwa dakika. Wewe ulikuwa umetoka sokoni juani, una mzigo, hukupewa hata kiti upumzike, na moyo ulipiga mara 98. Ningeshangaa kama ungepiga 65.

Hili la kuchanganya presha na mapigo limenichosha miaka yote niliyofanya kazi wodini. Mtu moyo unamwenda mbio kwa hofu, anasema "presha imenipanda". Mwingine presha yake iko 190 kwa 110, mapigo yake ni 72 yametulia kama maji mtungini, anasema hana tatizo kwa sababu moyo haumwendi mbio. Huyo wa pili ndiye tunayempokea akiwa amepooza upande mmoja. Presha haijitangazi kwa mapigo. Naomba hilo uwafundishe na walimu wenzako.

Sasa, kwa nini namba zako zinapanda na kushuka? Kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia cha moyo kuna kijisehemu kidogo kinachozalisha umeme wake chenyewe, na kila kikitoa cheche, moyo hupiga. Kikiachwa peke yake, bila neva yoyote kukigusa, kingekwenda kama mara 100 kwa dakika. Kinachokuweka kwenye 70 ni neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni mpaka kifuani, kazi yake kubwa hapo ni kushika breki. Ukisimama, ubongo unalegeza breki. Ukipanda mlima unalegeza kabisa na kuongeza mafuta. Ukilala usingizi mzito unaikanyaga vizuri. Ile 54 iliyokutoa usingizini ilikuwa breki inayofanya kazi usiku kama inavyotakiwa. Kile kipimo cha 60 mpaka 100 ni cha mtu mzima aliye macho, ametulia. Wakimbiaji wengi huwa na 50 au chini ya hapo hata mchana, kwa sababu moyo uliozoeshwa kazi husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mapigo ya chini yananitia wasiwasi yakija na kizunguzungu, kuzimia, au uchovu usio na sababu. Wewe ulikuwa umelala.

Na unapoitazama saa ikapanda, mwanangu, hiyo ni hofu. Hofu hulegeza breki ile ile.

Haya, kaa chini tupime. Nilipoanza uuguzi, saa yangu niliibandika kifuani kichwa chini miguu juu, ili niweze kuisoma nikiwa nimeshika mkono wa mgonjwa. Wewe tumia saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Kaa kwenye kiti, miguu sakafuni, usizungumze, tulia dakika tano nzima. Kama umetoka kunywa chai au kutembea, subiri hata saa nzima ipite. Geuza kiganja juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwenye kile kibonde kilicho kati ya mfupa na mshipi wa nyama unaoonekana ukikunja ngumi. Usitumie kidole gumba chako kuhesabia, kwa sababu kina mapigo yake na unaweza ukajihesabu mwenyewe ukidhani unamhesabu mwingine. Bonyeza taratibu. Ukikandamiza sana utauziba mshipa, ukigusa juu juu hutausikia. Sogeza vidole kidogo kidogo mpaka uupate. Wengi hukata tamaa hapa. Usikate, uko palepale.

Ukiupata, usianze kuhesabu mara moja. Sikiliza kwanza. Je, unakwenda kwa hatua sawa, kama mchi wa mtu mmoja kinuni? Unaweza kuona unaharakisha kidogo ukivuta pumzi na kupunguza ukiitoa, hilo ni la kawaida, hasa kwa vijana. Ukiridhika, hesabu sekunde 60. Najua kuna wanaohesabu 15 na kuzidisha kwa nne. Mimi sikuwahi kuwaruhusu wanafunzi wangu wa wodini, kwa sababu ukikosea pigo moja umekosea manne, na la muhimu zaidi, sekunde 15 hazitoshi kusikia kama mapigo yanaruka.

Shingoni pia kuna mshipa, pembeni ya kongoromeo, unaosikika kwa urahisi. Kwako unaweza kuutumia, upande mmoja tu, bila kukandamiza. Kwa mama yako usiuguse. Kwa wazee, kuubonyeza kunaweza kuushusha moyo ghafla na mtu akaanguka.

Zamani madaktari wengi walishika mikono karne nyingi bila kuhesabu, wakieleza mapigo kwa maneno tu: mazito, mepesi, ya kukimbia. Saa nyingi hazikuwa na mshale wa sekunde. Mwaka 1707 daktari mmoja wa Uingereza, John Floyer, alieleza saa aliyotengenezewa maalumu, iliyokwenda dakika moja kisha inasimama, ili aweze kuhesabu. Huwa namkumbuka nikimwona mtu ana saa ya laki moja mkononi na hajawahi kugusa mshipa wake.

Saa yako siidharau. Chini yake kuna taa za kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani, basi kila pigo linapoleta damu nyingi kwenye ngozi mwanga unaorudi hupungua, na saa huhesabu huko kupungua. Ukiwa umetulia, na mkanda umebana vizuri juu kidogo ya mfupa wa kifundo, inahesabu vyema. Ukitembea mkono unatupa, jasho linatoka, mkanda umelegea, inaweza kuokota mtikisiko wa hatua zako ikauhesabu kama moyo. Kwa hiyo ikikupa namba ya ajabu, simama, shika mkono, hesabu mwenyewe. Vidole vyako ndivyo vya kuisahihisha saa.

Kuhusu 148 kilimani. Kuna hesabu ya haraka ya kukadiria mwisho wa kasi ya moyo: 220 ukitoa umri. Kwako ni 177. Kuna nyingine iliyotolewa mwaka 2001, ya 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, nayo kwako inakuja 178, yaani zimekutana. Kwa mama yako zingepishana, 152 na 160. Lakini hata hizo ni makadirio. Watu wawili wa umri mmoja, wazima wote, wanaweza kupishana mapigo 20 bila shida. Kutembea kwa kasi ya wastani hukuweka kati ya nusu na asilimia 70 ya huo mwisho, kwako kama 89 mpaka 124. Kati ya hapo na asilimia 85, yaani kama 150, ni mazoezi mazito. Kwa hiyo 148 ni moyo unaofanya kazi nzito, na kilima cha Uluguru ni kazi nzito kwa mtu aliyeanza mwezi wa tano. Kama hapakuwa na maumivu kifuani, wala kizunguzungu, wala pumzi kukata kuliko kawaida, sioni ugonjwa. Ila kwa miezi ya mwanzo punguza mwendo. Tumia kipimo hiki: ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Ukishindwa hata kumaliza "shikamoo mwalimu", punguza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na wewe ukitembea nusu saa kwa siku tano umefika bila kuutesa moyo.

Ninachotaka kutoka kwako ni namba saba. Asubuhi saba mfululizo, ukiamka, kabla hujatoka kitandani, kabla ya chai na kabla ya kuwaza madaftari, hesabu dakika moja na uandike nyuma ya daftari lako la maandalio. Hiyo ndiyo namba yako. Zikiwa 64, 66, 70, ukaendelea hivyo, saa ivue ikae mezani mwezi mzima, ivae unapotembea tu.

Zikiwa juu ya 90 siku zote saba, na umetulia kitandani, kuna jambo la kutafuta, nami nakuonyesha pa kuanzia: damu. Mwanamke wa miaka 43 anayetokwa hedhi nzito hadi siku nane kila mwezi, mwaka mzima, anaweza kuwa na upungufu wa damu na asijue, kwa sababu inapungua polepole na mwili unaizoea. Damu ikiwa haba, moyo hulazimika kuizungusha haraka zaidi. Zahanati watakutoboa kidole wapime wingi wa damu, na hilo nataka ulifanye hata kama namba saba zitatoka nzuri. Hedhi yenyewe pia mwambie daktari, isije ikawa ni uvimbe kwenye kizazi. Baada ya damu watatazama tezi ya shingoni, ambayo ikizidisha kazi hukimbiza moyo na kumkondesha mtu. Wewe hukukonda, lakini ni kipimo cha damu tu. Chai punguza ifike vikombe viwili, cha mwisho kabla ya saa tisa alasiri. Na ukiwa na homa usipime ukashtuka: kila joto likipanda nyuzi moja, mapigo huongezeka kama kumi. Mwenye malaria na joto la 39.5 akiwa na mapigo 105 amefuata hesabu.

Mwanao wa miaka sita mwenye 104, mwache acheze. Mioyo ya watoto hupiga haraka, mtoto mchanga anaweza kufika 160 akiwa mzima kabisa.

Sasa mama.

Wewe umeona saa mbovu, zahanati wameona betri. Mimi naona mashine mbili tofauti, siku mbili tofauti, zote zikishindwa kwa mtu mmoja yule yule, na mtu huyo ana miaka 68, ana presha ya miaka tisa, na siku hizi anapumzika mara mbili kwenda bombani. Kile kialama cha moyo kinachowaka na kuzima, kwenye baadhi ya mashine za presha, maana yake ni kwamba mapigo hayana mpangilio. Huenda mashine ilikuwa inawaambia jambo.

Leo jioni akiwa ametulia, mshike mkono kama nilivyokufundisha. Dakika nzima, ikiwezekana dakika mbili. Usijali sana kuhusu namba. Sikiliza mwendo. Kama ni hatua sawa, halafu mara moja moja linaruka pigo na kuendelea, hayo ni mapigo ya ziada, wazee wengi wanayo na mara nyingi hayana neno. Lakini kama hakuna hatua kabisa, mawili ya haraka, kimya, moja dhaifu hata huna hakika kama umelisikia, matatu kwa mpigo, kimya tena, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati kabla haijakolea, basi hiyo ninaijua. Niliisikia kwa mara ya kwanza chini ya vidole vyangu nikiwa mwanafunzi, kwa bibi mmoja aliyeletwa kwa kukohoa tu. Nilihesabu mara tatu nikapata namba tatu tofauti, nikaona aibu, nikadhani sijui kuhesabu. Sista wa zamu alikuja akashika mkono ule ule, mkono wake mwingine akauweka kifuani kwa bibi, akanyamaza, kisha akaniambia niandike hivi hivi nilivyoona. Kifuani moyo ulikuwa unapiga mara nyingi kuliko yanayofika mkononi. Mapigo mengine yalikuwa dhaifu mno, yanaishia njiani.

Kinachotokea ni kwamba vyumba vya juu vya moyo vimeacha kusukuma kwa pamoja, vinatetemeka tu. Umeme unafika chini bila utaratibu, ndiyo maana mwendo unapotea na mtu anachoka. Uchovu si jambo baya kuliko yote hapo. Damu isiyosukumwa hutuama kwenye kijifuko kilichopo chumba cha juu cha kushoto, ikituama inaganda, na bonge likichomoka linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Mtu mwenye hali hii ana hatari ya kiharusi kama mara tano ya asiye nayo. Presha ya miaka mingi ni moja ya njia kuu za kuipata. Nyingine, ambayo huku kwetu tunaiona hata kwa vijana, ni vali za moyo zilizoharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, kwa hiyo muulize mama kama alipokuwa mtoto aliwahi kuugua viungo vikavimba vikihama kutoka goti hadi kiwiko. Atakumbuka, wazee hukumbuka.

Inaweza isiwe hiyo. Inawezekana kweli ngozi ya mkono imelegea na saa haikushika. Ndiyo maana nataka kipimo cha umeme wa moyo, hospitalini wanakiita ECG. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hii hii, ukasema kwa maneno haya: "Mapigo yake hayana mpangilio, tunaomba ECG." Atalazwa kitandani, abandikwe vishikizo kumi kifuani, mikononi na miguuni, asitikisike dakika chache, basi. Mhakikishie kwamba hakuna umeme unaoingia mwilini. Mashine inasikiliza tu umeme ambao moyo wake mwenyewe unautoa. Willem Einthoven, Mholanzi aliyekitengeneza na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, alikuwa akiwaambia wagonjwa watumbukize mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi, kwa hiyo mama yako ana bahati. Karatasi ikitoka safi na mkono bado unaruka siku nyingine, msikubali kurudishwa nyumbani na neno "umri". Mwendo huu hupenda kuja na kuondoka. Ombeni barua ya rufaa kwa kipimo cha moyo kinachovaliwa kwa muda wa saa 24 kwenye hospitali kubwa, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Ikithibitika, zipo dawa za kupunguza kasi ya moyo na zipo za kuzuia damu isigande, na hizi za pili hupunguza sana hatari ya kiharusi kwa wanaozitumia vizuri. Nyingine zinahitaji kupimwa damu mara kwa mara, daktari atawaeleza. Msimwanzishie aspirini wenyewe kwa kusikia kwamba "inalainisha damu". Kwa tatizo hili haitoshi, na tumboni inaweza kumtoa damu. Amlodipine yake aendelee nayo kama kawaida, msiiache kwa sababu ya barua yangu. Na mjue kwamba mashine za presha za kielektroniki hukosea kwa mtu wa namna hii, kwa hiyo muombe apimwe presha kwa ile ya kusikiliza kwa masikio, mara tatu, wachukue wastani.

Kama kabla ya siku ya hospitali mdomo wake utapinda upande, au mkono utalegea, au maneno yatatoka hayaeleweki hata kwa dakika tano tu kisha yakarudi, msisubiri kuche. Tazameni saa, andikeni muda ilipoanza, bodaboda au bajaji au gari la jirani, mwende. Vivyo hivyo akizimia, akibanwa na kifua, au akishindwa kulala bila mito mitatu kwa kukosa pumzi.

Najua uliandika kwa ajili ya moyo wako na nimekujaza na wa mama. Lakini ulimwona. Ulikumbuka namba zake nne kwa mpangilio wake, ulikumbuka kialama, ulikumbuka anapumzika mara ngapi njiani. Wauguzi wengi hawaandiki ripoti nzuri hivyo. Hivyo vyote vinakili kwenye karatasi umpe daktari, pamoja na pakiti ya dawa zake.

Ukishapata karatasi ya ECG niandikie kilichoandikwa juu yake, na zile namba zako saba. Nitakujibu kabla ya zamu ya barua nyingine.

Mama Muuguzi